Kufuatilia ukoo hadi kwa abiria wa Mayflower: chunga sana tarehe

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni mzaliwa wa Massachusetts, Marekani. Kwao husimuliwa kwamba wao ni uzao wa John Howland, mtumishi aliyekuja na Mayflower, meli iliyoleta walowezi wa Kiingereza Amerika mwaka 1620, akaangushwa baharini na dhoruba, akaokoka kwa kushika kamba. Aliniomba tuthibitishe. Njia tuliyopita ni hii.

1. Anza na cheti chako cha kuzaliwa, kisha cha mzazi, kisha cha babu. Usianze na Howland ukishuka: yeye na mkewe Elizabeth Tilley walikuza watoto kumi, utapotelea kwenye matawi.

2. Tumia daftari na penseli. Programu za ukoo hukupendekezea majina kabla hujasoma hati hata moja.

3. Ukifika miaka ya 1700, tafuta vitabu vya General Society of Mayflower Descendants, chama cha wazao wa abiria wa meli hiyo. Vinafuata vizazi vitano vya mwanzo.

4. Tarehe. Hapa nilipoteza usiku mzima. Nilikuta mtoto aliyebatizwa Januari, na wazazi waliofunga ndoa Juni ya mwaka huohuo. Nikadhani nimeshika familia nyingine, nikafuta kizazi kizima. Kumbe hadi 1752 mwaka wa Waingereza na makoloni yao ulianza Machi 25, kwa hiyo Januari ile ilikuja baada ya Juni. Kifo cha Howland kiliandikwa Februari 23, 1672. Kwa hesabu yetu ni 1673. Andika 1672/73, miaka yote miwili, ili mwingine asije akaongeza mwaka juu ya ule uliokwisha kuuongeza wewe.

Miezi nayo mara nyingi iliandikwa kwa namba: wa kwanza ni Machi, wa kumi na mbili ni Februari. Mtu wa pwani atalielewa hili upesi, maana Mfunguo Mosi hauhesabiwi kuanzia Muharram, mwanzo wa mwaka, bali baada ya Ramadhani. Machi yenyewe ina mtego: yote huitwa mwezi wa kwanza, lakini siku zake 24 za mwanzo bado ni za mwaka unaokwisha. Namba ya siku iache kama ilivyoandikwa. Kalenda yao ya zamani na hii tunayotumia leo zilipishana siku kumi, kisha kumi na moja, lakini ukianza kuzisahihisha hutaipata tena hati yako kwenye daftari la mji.

5. Usinakili mti wa ukoo wa mtu mwingine mtandaoni. Kwa vizazi vingi ilisadikiwa kwamba Howland alimwoa binti wa Gavana Carver, bwana wake. Muswada wa William Bradford, abiria mwenzake aliyekuja kuwa gavana baada ya Carver, uliogunduliwa London na kuchapishwa 1856, ndio uliomtaja Elizabeth Tilley.

6. Kizazi kisicho na hati, andika "bado". Sisi tunacho kimoja, cha miaka ya 1790, na shemeji ameshaandika barua kwa karani wa mji.