Namna ya Kulea Ubunifu Katika Ofisi ya Umma Bila Kulegeza Maadili

Mkuu wa idara katika halmashauri anayetamani watumishi wake wabuni njia mpya za kazi huwa na hofu moja ya haki, kwamba atakayeruhusiwa leo kuacha mazoea ya ofisi ataacha kesho utaratibu wa fedha. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu wapo wanaouita ubunifu hata ule ujanja wa kugawanya ununuzi mmoja vipande vipande ili kukwepa ushindani wa zabuni. Njia ya kuutenga ubunifu na ujanja wa namna hiyo ipo, nayo huanzia kwenye majalada.

Chagua huduma moja, tuseme kibali cha ujenzi, kisha ulifuate jalada lake kuanzia masijala hadi saini ya mwisho. Katika kila hatua uliza ni sheria, kanuni au waraka gani unaoidai hatua hiyo, na jibu liandikwe. Mtumishi wa masijala asiachwe nje ya zoezi hili, maana mara nyingi yeye ndiye anayejua majalada hulala kwa nani. Hatua itakayokosa jibu ni mazoea tu, na hapo ndipo watumishi waruhusiwe kubuni kwa uhuru. Hatua inayodaiwa na sheria ifuatwe hata kama inachosha, na anayeiona haifai aandike dokezo la kupendekeza ibadilishwe na wenye mamlaka.

Kila wazo litakalotolewa lipimwe kwa swali hili: je, linapunguza au linaongeza mahali ambapo mtumishi mmoja anaamua peke yake bila kuonekana? Mfano mzuri tunao hapa Tanzania. Mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG, uliojengwa na wataalamu wa ndani na kuanza kutumika mwaka 2017, uliziondoa fedha taslimu mikononi mwa mtumishi wa dirishani: mwananchi hupewa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, hulipa benki au kwa simu, na fedha huingia katika akaunti husika bila kupitia mfukoni mwa mtu. Semina za uaminifu zilikuwapo kabla ya hapo, lakini kwa maoni yangu badiliko hili la utaratibu limefanya kazi ambayo semina peke yake haingeiweza. Hata hivyo mwanya haukuisha wote. Anayetoa namba hiyo bado anaweza kuichelewesha mpaka mwananchi aelewe kwamba anatakiwa “kujiongeza”. Kwa hiyo mkuu wa idara asiridhike kwamba mwanya wa zamani umezibwa. Achunguze pia uamuzi umehamia kwa nani, na amwekee huyo muda wa mwisho wa kutoa huduma, uliobandikwa ukutani wananchi wausome.

Wazo likipita kipimo hicho, lijaribiwe kwa mipaka. Dokezo lieleze tatizo, badiliko linalopendekezwa, muda wa jaribio, anayewajibika, kipimo cha mafanikio na namna ya kurudi katika utaratibu wa awali, kisha mkurugenzi aliidhinishe na mkaguzi wa ndani apewe nakala kabla ya kuanza. Watumishi wengi hawathubutu kubuni kwa kuwa wanakijua kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kinachohusu matumizi mabaya ya madaraka. Kibali cha maandishi si kinga ya makosa, lakini humwonyesha mkaguzi kwamba hakuna kilichofichwa.

Katika vikao, mkuu azungumze mwisho, kwani akishatoa maoni yake mtumishi wa ngazi ya chini atayaunga mkono tu. Jina la aliyeleta wazo liingizwe katika muhtasari, lisije likageuka wazo la bosi. Jaribio lililoshindwa na kuripotiwa kwa ukweli lisimharibie mtu tathmini yake, ila takwimu zilizopikwa zipelekwe kwenye nidhamu hata kama jaribio lenyewe lilifaulu.

Kuhusu mwenendo wa mkuu mwenyewe, sitasema mengi. Mwenye ndugu katika jambo linalojadiliwa atangaze uhusiano huo na atoke nje, na gari la ofisi lisibebe mahindi ya shambani kwake. Awakumbushe watumishi pia kwamba ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na asijaribu kumsaka aliyetoa taarifa.

Jaribio lililofaulu liandikwe katika mwongozo wa kazi wa idara, lisainiwe, na liwekwe kwenye taarifa ya makabidhiano, kwa sababu mabadiliko mengi mazuri hufa siku ile aliyeyaanzisha anapopata barua ya uhamisho.