Kabla ya kuiamini namba ya radoni, tazama hali ya hewa

Watu ninaowapimia radoni nyumbani hunipigia simu zaidi asubuhi. Wameamka, wameangalia kifaa, na namba ni mara mbili ya ile ya jana alasiri. Wanataka kujua kama wahame. Mimi huwauliza kwanza maswali manne: usiku kulikuwa na baridi? Mvua ilinyesha? Upepo ulivuma? Madirisha yalifungwa? Mara nyingi namba ile inapata maelezo yake kabla hatujagusa kifaa. Lakini simwambii mtu apuuze, maana radoni haichezewi.

Ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayozaliwa ardhini kadiri urani iliyomo kwenye miamba na udongo inavyovunjika taratibu. Nusu yake hutoweka kila baada ya siku 3.8, na katika kutoweka huko hugeuka kuwa chembe za poloni na nyinginezo. Tukizivuta, hukaa mapafuni na kuyapiga kwa mionzi ya alfa. Baada ya sigara, radoni ndiyo inayofuata kwa kusababisha saratani ya mapafu, na mvutaji sigara anayeishi nayo yumo katika hatari kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza radoni isivuke bekereli 100 (kipimo cha nguvu ya mionzi) kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na pale isipowezekana, isizidi 300. Marekani inawataka watu warekebishe nyumba kuanzia 148.

Sasa hali ya hewa. Haiongezi urani ardhini, ila inaamua gesi iende wapi.

Ninaanza na baridi kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko vyote. Hewa ya ndani ikiwa na joto kuliko ya nje, hupanda na kuvuja kupitia juu ya nyumba, na nyumba nzima hufanya kazi kama bomba la moshi. Hewa iliyotoka lazima ijazwe, na sehemu ya ile inayoijaza hutoka udongoni, kupitia nyufa za jamvi (sakafu ya zege), pembezoni mwa mabomba na kwenye maungio ya sakafu na ukuta. Tofauti ya mgandamizo inayofanya hivyo ni paskali chache tu, ilhali hewa iliyo juu yetu hutugandamiza kwa zaidi ya paskali laki moja. Huwezi kuihisi kwa ngozi, lakini gesi ya udongo inaihisi. Ndiyo maana radoni hupanda usiku, ikafika kileleni kuelekea alfajiri, kisha ikashuka mchana. Ndiyo maana pia majira ya baridi kwa kawaida huwa na namba kubwa kuliko ya joto. Kawaida, si daima: nyumba zilizo juu ya miamba ya chokaa yenye mapango, au kwenye miteremko, huweza kuwa na kilele chao wakati wa joto, kwa kuwa hewa ya mapangoni hugeuza mwelekeo. Na nyumba iliyofungwa madirisha mchana kutwa kwa ajili ya kiyoyozi haina haki ya kujiona salama eti kwa kuwa nje ni kiangazi.

Mvua huwachanganya watu wengi. Maji yakijaza matundu ya udongo wa juu, gesi hukosa njia ya kutokea uwanjani. Chini ya nyumba, hata hivyo, udongo umebaki mkavu, kwa hiyo gesi husogea kuelekea huko. Ardhi ikiganda kwa baridi, au ikifunikwa na theluji nzito, mambo ni yale yale. Tena dhoruba haiji na mvua peke yake: mgandamizo wa hewa hushuka kabla yake, na gesi iliyokuwa imeshikiliwa udongoni hupata nafasi ya kupanda. Ukiona mgandamizo unashuka na mvua inakuja, tarajia kifaa kupanda.

Upepo hauna tabia moja. Unaweza kupenya nyumba inayovuja na kuipunguza radoni kwa kuichanganya na hewa safi, na unaweza pia kunyonya hewa upande wa nyuma na juu ya paa, nyumba ikavuta zaidi kutoka ardhini. Nimeona yote mawili. Sitabiri upepo, nauandika tu.

Kuandika ndiko ninakokusisitizia. Weka daftari karibu na kifaa. Kila siku, saa ile ile, andika wastani wa saa 24 (usihangaike na namba ya saa moja, inaruka ovyo), joto la nje, kama mgandamizo unapanda au unashuka, mvua, upepo, na madirisha yalikuwaje. Andika pia feni ya jikoni au ya bafuni ikifanya kazi kwa muda mrefu, na moto wa kuni ukiwashwa, kwa sababu navyo vinatoa hewa nje na kuifanya nyumba ivute kutoka chini. Baada ya wiki chache utaanza kuijua nyumba yako.

Kifaa chenyewe kikae kwenye chumba cha chini kabisa ambacho watu wanakitumia, angalau sentimita 50 kutoka sakafuni, mbali na dirisha, mlango, jua na chochote kinachotoa joto. Kisikae jikoni wala bafuni. Wapo wanaokilaza sakafuni kwa kuwa radoni ni nzito kuliko hewa. Ndani ya chumba gesi hii huchanganyika, kwa hiyo hakuna haja.

Kipimo cha muda mfupi, cha siku mbili hadi saba, kina masharti. Funga madirisha na milango ya nje kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na katika muda wote wa kupima, isipokuwa kuingia na kutoka kwa kawaida. Kipimo cha siku mbili au tatu usikifanye wakati wa dhoruba kali au upepo usio wa kawaida. Ukitumia kikopo cha mkaa, yaani kipimo ambacho mkaa wake hunasa radoni, kuwa mwangalifu zaidi: mkaa hunyonya unyevu, na siku ya mwisho huwa na uzito mkubwa kuliko ya kwanza, hivyo mvua ya siku hiyo moja inaweza kupotosha jibu zima.

Kwa uamuzi wa kweli ninaamini kipimo cha zaidi ya siku 90, na bora zaidi mwaka mzima. Kuna vile vya plastiki maalumu ambayo chembe za alfa huiachia alama ndogo, maabara ikazihesabu. Ni rahisi kutumia, na baridi na joto vyote vimo ndani ya jibu. Ila kipimo kifupi kikionyesha karibu 300 au zaidi, usisubiri mwaka; rudia kipimo kifupi mara moja, na kikithibitisha, tafuta fundi.

Wakati unamsubiri, fungua madirisha, hasa ya ghorofa ya chini. Ukifungua ya juu peke yake siku ya baridi, unaisaidia hewa kupanda, na nyumba itavuta zaidi kutoka ardhini.

Ufumbuzi wa kudumu kwa nyumba nyingi ni bomba linalopenya jamvi, lenye feni inayonyonya gesi chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Kuziba nyufa husaidia, lakini peke yake mara chache hutosha. Pima tena angalau saa 24 baada ya feni kuwashwa, kisha, na hapa sikubali mjadala, pima tena majira nyumba yako inapovuta zaidi. Feni inayoishinda radoni mchana wa joto haijathibitisha kwamba itaishinda usiku wa baridi kali. Kwenye bomba hufungwa kijimrija chenye umbo la U chenye maji ya rangi: urefu wa maji ukitofautiana pande mbili, feni inavuta, ukilingana, imesimama. Kitazame kila unapopita.