Kundi la WhatsApp la wakulima wa mwani: namna ya kumfanya anayejua aseme

Katika kundi lenye mkuu wa mradi, maafisa na wakulima wa mwani wa pwani ya Tanga, anayejua zaidi mara nyingi ndiye wa chini kwa cheo. Mkuu akishaandika "nadhani ni joto", zinafuata "sawa mkuu" ishirini, na mama aliyekuwa shambani asubuhi ananyamaza.

Kwa hiyo mkuu ajibu mwisho. Swali likiingia siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, subirini yajae. Yakipwa, wenye majibu wako baharini wanafunga taitai, vikamba vya kushikia mwani kwenye kamba, na simu zimebaki nyumbani.

Swali liwe na vitu vinne: picha ya karibu, aina (spinosamu au kotonii), siku tangu kupandwa, na mvua imenyesha lini. "Mwani unaharibika" halimsaidii mtu. Ncha zikiwa nyeupe na kukatika, huenda ni joto, huenda maji yamepungua chumvi; bila siku ya mvua hamtatofautisha.

Ruhusuni ujumbe wa sauti, usizidi dakika moja. Wengi hawapendi kuandika mbele ya wasomi, na hilo si kosa lao.

Mtu mmoja, asiye mkuu, aandike muhtasari jioni hiyohiyo: tatizo, nani alifanya nini, matokeo. Jina la mtoa ujuzi libaki. Likifutwa, mara ya pili hasemi. Anayempinga afisa apinge kwa picha, na afisa ashukuru palepale kundini. Salamu za Ijumaa na mipasho, fungueni kundi lingine.