Pesa ya Safari ya Ulaya: Ibadilishe Mara Chache

Viza ya Schengen itakupitisha Ujerumani, Uswisi, Denmark na Poland, lakini euro haitakufikisha kote huko. Uswisi wanatumia faranga, Denmark krona, Poland zloti. Uingereza ina viza yake na pauni yake. Kabla ya kununua hata noti moja, andika nchi zako kwa mpangilio, na mbele ya kila nchi weka sarafu yake.

Usitegemee kubadilisha shilingi ya Uganda ukiwa kule. Malizana nayo Kampala. Wengi hununua dola kwa mazoea, kisha wakifika Brussels wanazigeuza kuwa euro. Hapo umekatwa mara mbili, maana kila kaunta inanunua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu. Nunua euro moja kwa moja. Linganisha maduka mawili matatu na uangalie bei ya kuuza, kwa sababu ndiyo utakayolipa wewe. Omba noti za 10, 20 na 50. Noti ya 500 ikatae: ilikoma kutolewa mwaka 2019 na maduka mengi hayaitaki.

Keshi iwe ya siku za mwanzo tu, mengine yabaki kwenye kadi. Ukiwa bado nyumbani, iulize benki yako: kadi imefunguliwa kutumika nje? Kikomo cha siku ni kiasi gani? Makato ni asilimia ngapi? Ujumbe wa namba ya uthibitisho utaingia kwenye laini gani? Laini hiyo iwashiwe huduma ya kutumika nje kabla hujaondoka, la sivyo malipo ya mtandaoni yatakwama.

Mtego mkubwa uko kwenye mashine ya ATM. Itakuonyesha kiasi kwa euro, kisha ikuulize kama unataka ukatwe kwa shilingi au dola, na bei yake imeandikwa pale pale. Inaonekana kama msaada, lakini bei hiyo imeongezwa faida ya mwenye mashine. Kataa. Kukataa hakufuti muamala. Euro zako zitatoka, na hesabu itafanywa upande wa kadi yako. Mashine za madukani na hotelini nazo huuliza hivyo hivyo, na wakati mwingine mhudumu hukubonyezea yeye. Soma skrini ya mashine kabla ya kuweka namba ya siri. Kama ada hukatwa kila unapotoa, toa euro 200 mara moja badala ya 50 mara nne.

Hoteli na wakodisha magari huzuia dhamana kwenye kadi. Kwa kadi ya debiti, hiyo ni pesa yako halisi imefungwa, na kurudi kwake huweza kuchukua siku kadhaa. Kwa hiyo beba kadi ya pili, na uiweke mfuko tofauti.

Ukiingia au kutoka Umoja wa Ulaya na keshi ya euro 10,000 au zaidi, lazima uitangaze forodhani. Sarafu za chuma zitumie kabla ya kuvuka mpaka, kwa vyoo vya stesheni au chai, kwani kaunta za kubadilishia pesa kwa kawaida huchukua noti tu.