Kabla ya Kupanda Mbeya na Mtoto Mwenye Sikoseli

Juni na Julai watu wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hupanda Mbeya kumsalimia bibi, na ndiyo miezi ambayo baridi ya huku haina adabu. Mtoto mwenye sikoseli asifungiwe nyumbani kwa ajili hiyo. Safari yake tu ndiyo iandaliwe mapema.

Chembe zake nyekundu za damu zikipungukiwa oksijeni, au mwili ukikaukiwa maji, hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi nayo huisinyaza mishipa hiyo hiyo. Kutoka Ziwa Nyasa, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, gari hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole, Mbeya. Sweta, soksi na kofia vikae mkononi, avae kabla hajaanza kutetemeka.

Kinachosahaulika ni maji. Kwenye baridi kiu haisikiki, na wapo wazazi wanaomnyima mtoto maji makusudi asisumbue njiani. Figo za mwenye sikoseli hazibani mkojo vizuri. Atakojoa sana hata asipokunywa, na hapo ndipo anapokauka. Mpe maji, kisha mwambie konda kabla gari halijaondoka kwamba kuna mtoto atakayechimba dawa mara kwa mara. Akinuna, anune.

Dawa zake, yaani foliki asidi, haidroksiurea kama ameandikiwa, na penisilini kwa aliye chini ya miaka 5, vitoshe siku zote na ziada kidogo. Vikae kwenye mkoba wako pamoja na kadi ya kliniki, si kwenye buti. Penisilini ina sababu yake: bandama, kiungo kinachochuja vijidudu kwenye damu, huharibika mapema kwa watoto hawa. Ndiyo maana homa ya nyuzi 38 haisubiri asubuhi, wala haitulizwi kwa panado pekee.

Kabla ya safari, mwombe nesi akufundishe kuipapasa bandama. Mtoto analala chali, magoti yamekunjwa, nawe unabonyeza taratibu chini ya mbavu za kushoto. Ukishaijua hali yake ya kawaida, utatambua siku ikivimba. Ikivimba ghafla na viganja vikapauka, ni hospitali muda huo huo. Vivyo hivyo akibanwa kifua au akilegea upande mmoja.

Kwa bibi, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mkafunga milango. Gesi yake isiyoonekana huinyang'anya damu oksijeni, na huua hata wazima.

Chandarua nacho kibebwe. Wapo wanaodhani sikoseli humkinga mtoto na malaria, lakini wanaopata nafuu ya malaria kali ni waliorithi jeni ya sikoseli kwa mzazi mmoja. Mgonjwa mwenyewe malaria humuumiza vibaya. Na shangazi akianza kumlaumu mama, aambiwe: jeni imetoka kwa baba pia, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa jeni hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Usiku wa kwanza, kabla ya kulala, ulizia nani jirani ana gari, au bodaboda gani hupokea simu saa nane za usiku.