Kuandaa mswada wa utafiti wa uvuvi mpaka uwe tayari kutumwa kwenye jarida

Ukimaliza kuchambua data zako usikimbilie kufungua faili jipya na kuanza utangulizi, manake hapo ndo watu wanapoteza siku nyingi wakieleza kwamba samaki ni muhimu kwa lishe na kipato, kitu ambacho mhariri wa jarida la uvuvi anakijua zamani. Chukua karatasi andika sentensi moja tu: nimegundua nini, kuhusu samaki gani, na mtu asiyewahi kufika kwenye maji haya atajifunza nini. Ikikushinda hiyo sentensi basi mswada bado, rudi kwenye data kwanza.

Sentensi hiyo ndo itakuchagulia jarida. Kama ugunduzi wako unahusu zana, mavuno au usimamizi, angalia Fisheries Research, kama ni maisha ya samaki mwenyewe, anavyokua, anavyozaa, anachokula, angalia Journal of Fish Biology, na kama unagusa tathmini ya akiba ya samaki baharini au ikolojia yake basi ICES Journal of Marine Science ni pa kupeleleza. Ufugaji una majarida yake, ukipeleka jaribio la chakula cha samaki wa bwawani kwenye jarida la uvuvi wa porini utarudishiwa bila hata mhakiki mmoja kuusoma. Pitia makala za miaka miwili ya karibuni kwenye jarida unalolitaka uone kama kuna mazungumzo ambayo kazi yako inaweza kuingia, ukikuta kwenye marejeo yako hakuna hata makala moja ya jarida hilo, jiulize kama kweli wasomaji wako wako pale.

Ogopa imeili za kukusifia na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku chache. Lisake jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusomwa bure, kama ni la aina hiyo, pitia maswali ya Think. Check. Submit., tovuti ya kukusaidia kupima kama jarida linaaminika, na uangalie ada ya kuchapisha kabla hujatuma. Wachapishaji wakubwa wengi wana msamaha au punguzo kwa watafiti wa nchi zenye kipato kidogo lakini mara nyingi ombi linatakiwa wakati wa kutuma, makala ikishakubaliwa unaweza kuwa umechelewa. Na ni jarida moja kwa wakati mmoja, kutuma sehemu mbili kwa pamoja ni kosa la kimaadili, halina mjadala.

Sasa soma maelekezo ya waandishi ya jarida hilo, yote, hata kama yanachosha. Idadi ya maneno, namba za mistari, nafasi kati ya mistari, mtindo wa marejeo, mwandishi atajwe au afichwe. Majarida mengi ya mchapishaji Elsevier yanataka pia pointi 3 hadi 5 za kuonesha kiini cha kazi, kila moja isizidi herufi 85 ukihesabu na nafasi, na kuzipunguza hizo pointi mpaka zitoshee ni kazi kuliko inavyoonekana, usiiache dakika ya mwisho.

Uandishi wenyewe anza na grafu na majedwali. Yapange mezani kwa mfuatano ambao msomaji asiye na maandishi yoyote angeelewa hadithi, ile grafu isiyosogeza hadithi ipeleke kwenye kiambatisho. Grafu itakuja kubanwa kwenye safu moja ya ukurasa, upana wa karibu milimita 90, kwa hiyo ichapishe kwa saizi hiyo uone kama namba za mihimili bado zinasomeka. Usitenganishe vitu viwili kwa nyekundu na kijani peke yake, kuna wasomaji hawazitofautishi, tumia na maumbo. Ramani iwe na kipimo cha umbali, latitudo na longitudo, na vituo vya sampuli vyenye majina yaleyale uliyotumia kwenye maandishi.

Mbinu, hapa kaa sana

Kwa maoni yangu hapa ndo mswada wa uvuvi unasimama au unaanguka. Data yako haitokani na samaki waliopo majini, inatokana na samaki waliokubali kunaswa na zana yako, na hizo ni jamii mbili tofauti. Mhakiki wa uvuvi anasoma sehemu hii akiwa na swali moja kichwani, hawa samaki wamepatikanaje, na usipomjibu hataamini namba yoyote inayofuata.

Kwa hiyo taja zana kwa undani. Wavu una matundu ya ukubwa gani na umeyapima vipi, kwa sababu tundu likivutwa likanyooka linatoa kipimo mara mbili ya upande mmoja wa tundu, ukiandika "milimita 60" ukaishia hapo umemwacha msomaji gizani. Urefu na kina cha wavu, saizi na umbo la ndoano, chambo, zana imekaa majini saa ngapi, usiku au mchana, kina cha maji, miezi gani. Kama samaki ulinunua au ulipima mwaloni, sema hivo hivo bila aibu, halafu eleza ulivyowachagua: je ulipima kila chombo kilichofika au cha tatu tu, na wale wadogo waliobaki chini ya kapu uliwafikia? Kama kuna wavuvi wanaotupa au kula samaki fulani kabla ya kufika nchi kavu, hilo nalo liandike.

Urefu wa samaki. Kuna urefu wote toka mdomoni hadi ncha ya mkia, kuna unaoishia kwenye panda ya mkia, na kuna ule sanifu unaoishia mwisho wa uti wa mgongo, useme ni upi na uutumie huo huo mpaka mwisho. Ukilinganisha namba zako na za mtafiti mwingine hakikisha alipima hivo hivo, la sivyo geuza kwanza kwa mlinganyo na uuoneshe. Kwenye uhusiano wa urefu na uzito, W = aL^b, ambapo W ni uzito, L ni urefu, a na b ni namba unazozipata kwenye data yako, toa idadi ya samaki, urefu wa chini na wa juu, mipaka ya uhakika ya b, na vipimo. Vipimo hasa, manake b ikiwa 3 halafu wewe umetumia sentimita na mwenzako milimita, a zenu zitapishana mara 1000 na hakuna aliyekosea hesabu.

Kama unaripoti mavuno kwa juhudi ya uvuvi, juhudi ni nini? Safari, mvuvi kwa siku, mita 100 za wavu kwa usiku, ndoano 1000? Na safari zilizorudi mikono mitupu ziko wapi? Ukizifuta, wastani wako unapanda na uvuvi unaonekana mzuri kuliko ulivyo. Ziache ndani na utumie modeli inayokubali sifuri, halafu eleza kwa nini umechagua modeli hiyo.

Ukuaji kwa mlinganyo wa von Bertalanffy una mtego wake: L∞, yaani urefu ambao samaki anaukaribia akizeeka, na K, kasi ya kuufikia urefu huo, zinavutana, moja ikipanda nyingine inashuka, kwa hiyo usizijadili mojamoja kana kwamba kila moja imesimama peke yake. Piga φ′, yaani logi ya K jumlisha mara mbili logi ya L∞, logi za msingi wa 10, ndo ulinganishe na tafiti nyingine za spishi hiyo. Mfano L∞ ya sm 50 na K ya 0.4 kwa mwaka zinakupa kama 3.0. Ikitoka namba iliyo mbali kabisa na za wenzako chunguza data kabla hujatunga maelezo ya kiikolojia. Na kama umri umetokana na kusoma mawe ya sikio la samaki, sema ni wasomaji wangapi walisoma, walikubaliana kiasi gani, na umejuaje kwamba pete moja ni mwaka mmoja.

Vifo vya asili, M, yaani kasi ya samaki kufa kwa sababu zisizo za uvuvi, ndo namba ambayo wengi wanaichukua kirahisi. Mlinganyo wa Pauly wa 1980 ulitokana na akiba 175 za samaki na unatumia L∞, K na joto la maji, ni msaada mkubwa, lakini ni makadirio. Piga M kwa njia mbili tatu uoneshe hitimisho linabadilika kiasi gani. Ile kanuni ya kusema kiwango cha uvunaji, yaani sehemu ya vifo vyote inayotokana na uvuvi, kikizidi 0.5 basi samaki wanavuliwa kupita kiasi, usiifanye iwe ushahidi wako pekee, kwa sababu ukigusa M kidogo tu 0.48 inakuwa 0.55 na hukumu yako imegeuka.

Majina ya kisayansi yaandikwe kwa italiki, na mtaje aliyeipa spishi jina pale inapotajwa mara ya kwanza kama jarida linataka. Mabano si pambo: *Gadus morhua* Linnaeus, 1758 hana mabano kwa sababu bado yuko kwenye jenasi aliyopewa mwanzo, *Lates niloticus* (Linnaeus, 1758) anayo kwa sababu alihamishwa jenasi. Hakiki kila jina kwenye orodha za mtandaoni za majina ya spishi, Catalog of Fishes ya Eschmeyer au WoRMS ya viumbe wa baharini, majina yanabadilika na orodha ya zamani ya kwenye kompyuta yako haijui hilo. Weka namba ya kibali cha utafiti na cha maadili ya wanyama, na ueleze samaki walio hai waliuawaje.

Takwimu kwa kifupi. Samaki 600 kutoka kwenye mitego 12 si sampuli 600 zinazojitegemea, samaki wa mtego mmoja wanafanana, modeli yako ilijue hilo. Usiandike p = 0.000, andika p < 0.001. Kila ± useme ni mkengeuko sanifu au ni kosa sanifu la wastani. Kama umetumia R, programu ya takwimu, taja toleo lake na la vifurushi ulivyotumia.

Sehemu zilizobaki

Matokeo yaandike ukiangalia grafu zako, bila kurudia jedwali zima kwa maneno. Mjadala uanze na ulichogundua, halafu mapungufu ya zana yako yanaweza kuwa yamepotosha nini na kwa mwelekeo gani, hili wengi wanalificha mwishoni kwa sentensi moja na mimi naona ni hasara, kwa sababu ukilisema mwenyewe vizuri mhakiki hana cha kukushika. Mapendekezo yatoke kwenye data. Kama hukupima uelewa wa wavuvi usimalizie kwa kusema wavuvi wapewe elimu, ni kuwatwika lawama watu ambao hukuwauliza. Kama data inaonesha wavu fulani unachukua samaki wengi wasiojakomaa, sema ukubwa wa tundu na asilimia, hapo msimamizi wa uvuvi anapata cha kufanyia kazi.

Utangulizi sasa utaandikika haraka maana unajua unaelekea wapi: tatizo, kinachojulikana, pengo, lengo, basi. Ikisiri iwe ya mwisho na iwe na namba, siyo "matokeo yanajadiliwa". Kichwa kiwe na spishi na ugunduzi au swali, na maneno muhimu yasirudie yaliyo kwenye kichwa.

Suala la majina ya waandishi limalizeni mapema, kabla mswada haujapata umbo. Aliyebuni, aliyechambua, aliyeandika, na wote wawe wamesoma toleo la mwisho na kukubali kuwajibika nalo. Mkuu wa kitengo haingii kwa sababu ya cheo. Majarida mengi yanatumia CRediT, orodha ya aina 14 za michango ya waandishi, ipitieni pamoja. Wakusanya data wa mwaloni waliofanya zaidi ya kujaza fomu, waliosaidia kupanga sampuli na kusoma rasimu, wapeni nafasi yao, na wavuvi waliokubali samaki wao wapimwe washukuriwe wazi. Programu ya akili mnemba haiwi mwandishi, na kama mmeitumia tamkeni kwa namna jarida linavyotaka.

Data iweke kwenye hazina ya mtandaoni kama Zenodo, Dryad au Figshare upate DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha, lakini angalia kwanza: maeneo kamili ya kuvulia ambayo wavuvi walikwambia kwa siri, au mazalia ya spishi iliyo hatarini, hayawekwi hadharani kwa koordineti.

Barua kwa mhariri isizidi ukurasa. Umegundua nini, kwa nini wasomaji wa jarida lake, tamko kwamba haijachapishwa wala kutumwa kwingine, basi. Ukiombwa kupendekeza wahakiki chagua watu wanaojua zana au spishi hiyo ambao hujawahi kuandika nao karibuni. Kama uhakiki ni wa kufichana majina, futa jina lako mpaka kwenye taarifa za ndani za faili, na shukrani zikae kwenye ukurasa wa kichwa. Mfumo ukishatengeneza PDF yake ifungue uisome yote kabla ya kuidhinisha, alama kama ∞ na φ huwa zinageuka viboksi na grafu zinabadilishana nafasi.

Maoni ya wahakiki yakija soma, acha kama siku mbili, ndo ujibu. Nakili kila hoja, jibu chini yake, taja namba ya mstari uliobadilisha. Usipokubaliana kataa kwa adabu na kwa ushahidi, inaruhusiwa kabisa. Akisema hajaelewa usimwambie imeandikwa ukurasa wa saba, andika upya hapo, na wasomaji wengine wangekwama palepale.

Ikikubaliwa utaletewa prufu, yaani kurasa zilizopangwa tayari kuchapishwa uzikague, na mara nyingi wanataka majibu ndani ya saa 48. Usiangalie jina lako tu. Pitia italiki za spishi, mabano ya waliozipa majina, vipeo kwenye milinganyo, na safu za majedwali moja baada ya nyingine ukilinganisha na faili lako, kisha mwenzako naye apitie majedwali hayohayo kabla hujarudisha.