Namna ya kuitafuta stesheni ya Ruo

Ukisema Mtwara iliwahi kuwa na treni, vijana wa stendi wanakucheka. Ilikuwepo. Waingereza walileta mradi wa karanga mwaka 1947, na mashamba ya Nachingwea yakahitaji njia ya kufika baharini. Reli ikaanzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi. Baadaye ikaja nyingine kutoka bandari ya Mtwara. Zilikutana Ruo. Ndiyo stesheni ninayotaka uitafute.

Usimwulize mtu "historia ya reli". Mimi nilianza hivyo, mzee akanijibu, "Hayo waulize wasomi, mwanangu." Wiki iliyofuata nikarudi na kilo ya sukari: "Shikamoo babu. Enzi zile mlikuwa mnapakia nini?" Tuliachana adhana ya magharibi ikilia. Muulize mtu kazi yake, siyo historia.

Tarehe nazo usidai. "Wakati wa karanga" kwa wazee ni kipindi kirefu: mradi wenyewe ulivunjwa 1951, lakini treni iliendelea kupita mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndipo reli ikang'olewa. Uliza tu: kabla ya Uhuru au baada?

Kisha angalia kengele za shule. Si kila chuma kinachoning'inia kwenye mwembe ni reli, nyingine ni rimu ya lori. Chungulia pale kilipokatwa. Reli ina kichwa kinene, kiuno chembamba, na kitako bapa kilichokuwa kinakalia taruma, yaani kipande kinacholazwa chini ya reli kuishikilia. Ukiona hivyo, muulize mwalimu mkuu kilitoka wapi. Mara nyingi atakutajia jina la mzee aliyekileta, na huyo ndiye unayemtaka.

Mwisho, tafuta tuta la udongo reli ilipopita. Nenda kiangazi, majani yakishaungua. Barabara ya gari hupanda kilima inavyotaka. Treni haiwezi, kwa hiyo tuta lake hukwepa, likazunguka taratibu kwa kona ndefu, na penye bonde limejazwa udongo. Lifuate mpaka uone tuta jingine likija kuungana nalo kwa ubavu, kama panda ya manati. Simama hapo katikati, umwite mwenyeji akuonyeshe upande wa Mkwaya na upande wa Mtwara.

Vaa suruali ndefu. Tutani pana upupu, na mimi nilikwenda na kaptula.